Matofali ya jivu la taka yanaumuka: nilizime vipi jivu kabla ya kulitumia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kiwanda kidogo cha matofali ya saruji hapa Kibaha. Jirani yetu kuna kiwanda chenye boila ambalo siku hizi linachoma taka zilizosagwa: makaratasi, maboksi, plastiki, vitambaa na maranda kidogo. Jivu wananipa bure, gharama yangu ni usafiri tu. Ni kavu, laini, la kijivu, lina chembechembe kama mchanga. Nilipunguza mchanga, nikawa naweka karai moja la jivu kwa makarai matatu ya mchanga. Matofali mengine yaliumuka usiku uleule juu ya ubao kama maandazi, ukiyavunja yana vitundu. Mengine yalitoka mazuri nikauza, lakini baada ya wiki tatu mteja akaniita: lipu inaruka vipande vidogo vidogo, na katikati ya kila kishimo kuna doa jeupe. Fundi mmoja kaniambia jivu hilo nililoweshe kwanza lilale. Maji kiasi gani? Lilale siku ngapi? Na likishalala litakuwa salama? Nimebaki na matofali kama 400 uani, na jivu la Fuso mbili.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Huyo fundi wako kasema kweli, ila kasema nusu. Maji ndiyo dawa ya kwanza ya jivu hilo, lakini yana kipimo chake na mpangilio wake, na kuna ugonjwa mmoja ambao hayautibu kabisa. Huo nitaufikia.

Umenieleza dalili mbili ukidhani ni kitu kimoja. Ni magonjwa mawili tofauti yaliyoingia kwenye tofali moja.

Lile doa jeupe ndani ya kishimo cha lipu ni chokaa. Karatasi ya kung'aa na boksi zuri la bidhaa havitengenezwi kwa nyuzi za mti peke yake. Hupakwa unga wa chokaa na udongo mweupe wa kaolini ili uso uwe laini na upokee wino. Boila la taka huchoma kwenye joto la digrii 850 hivi au zaidi. Katika joto hilo unga ule hupoteza hewa ya kaboni (kaboni dioksidi) na kubaki chokaa kali, isiyozimwa, ileile inayotoka kwenye tanuu la wachoma chokaa. Na kama boila lao ni la aina ya kitanda cha mchanga unaopeperushwa na hewa (zile chembe za mchanga ulizoziona zinanipa wazo hilo), mara nyingi huongezewa mawe ya chokaa yaliyosagwa ili yanase salfa. Chokaa juu ya chokaa. Isitoshe, jivu la boila la namna hiyo hutoka kavu. Mitambo mikubwa ya kuchoma taka kule Ulaya, ile yenye chanja za chuma, huangusha jivu la chini moja kwa moja kwenye birika la maji, kwa hiyo linatoka limeshaanza kuzimika. La kwako linakufikia likiwa na kiu.

Chembe moja ya chokaa kali ikinywa maji hukua karibu mara mbili ya ukubwa wake. Ikiwa juu ya ardhi, haina neno, itatanuka na kusambaratika kuwa unga. Ikiwa ndani ya tofali lililokwisha kukauka na kupigwa lipu, haina pa kwenda isipokuwa kusukuma. Wiki tatu ulizozihesabu ndizo muda ambao unyevu umechukua kuifikia, kwa sababu chembe nyingine huwa zimevikwa ganda la kioo au la salfeti linalochelewesha maji.

Maandazi ni habari nyingine. Hiyo ni alumini. Pakiti za maziwa ya muda mrefu, karatasi za biskuti na vifungashio vya vidonge vina utando wa alumini, na alumini huyeyuka kwa digrii 660. Kwa hiyo ndani ya boila inakuwa matone madogo, kisha inatoka na jivu ikiwa bado ni chuma hai, kila tone limejivika ngozi nyembamba. Ukilichanganya jivu hilo na saruji na maji, ule ukali wa saruji huila ile ngozi, na alumini inaanza kutoa gesi ya haidrojeni. Gramu moja tu ya alumini hutoa zaidi ya lita moja na robo ya gesi. Ndiyo vile vitundu. Wapo wanaotia unga wa alumini makusudi ili kutengeneza tofali jepesi la povu. Wewe ulifanya hivyo bila kujua na bila kipimo.

Sasa dawa. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa neno "kuzima". Nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar, za Lamu, hata kuta zilizobaki Kilwa Kisiwani, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa magogo. Hakuna mwashi wa enzi hizo ambaye angechukua chokaa iliyotoka kwenye tanuu asubuhi akapigia ukuta jioni. Ilimwagiwa maji, ikachemka, ikalala, na kadiri ilivyolala ndivyo ilivyokuwa nzuri. Shughuli yako na hili jivu ni ileile: mtanuko wote utokee chini, kwenye lundo, usije ukatokea ukutani kwa mtu. Tofauti ni kwamba mchoma chokaa alijua alichochoma. Wewe hujui jana walichoma nini.

Kwa hiyo kabla ya maji, pima. Chukua jivu kutoka sehemu kumi za lundo, changanya vizuri, upate kilo 1. Tafuta ndoo ndogo ya plastiki, ichomeke ndani ya boksi lililojaa maranda ili isipoteze joto. Tia maji nusu lita, pima joto lake, kisha mimina jivu polepole huku unakoroga kwa mti. Tumia kipimajoto cha maabara au cha jikoni. Kile cha homa hukomea 42 na kitakupasukia. Vaa miwani na glavu, na usiiname juu ya ndoo. Andika joto kila baada ya dakika moja mpaka lisimame. Kwa hesabu ya joto la kuzimika kwa chokaa, kila asilimia 1 ya chokaa kali ndani ya jivu ingepandisha mchanganyiko huo kwa karibu digrii 4. Maji yako yakianza na 28 yakafika 50, hapo una chokaa kali si chini ya asilimia 5. Nasema "si chini" kwa sababu kuna joto linalopotea, na kuna chokaa yenye ganda ambayo haitaonekana katika dakika 20. Si kipimo cha maabara, lakini kinatenganisha jivu pole na jivu kali, na kitakuonyesha jinsi mzigo wa Jumatatu unavyoweza kutofautiana na wa Alhamisi.

Kwa alumini, tumia chupa ya maji ya nusu lita. Weka jivu gramu 100, ongeza vijiko viwili vya saruji na maji hadi nusu ya chupa, tikisa, kisha vika puto mdomoni. Liache kivulini mpaka kesho, mbali na moto na sigara. Puto likisimama, una alumini hai. Likibaki limelala, una kidogo au huna. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu hata kibarua mgeni haambiwi mara mbili maana yake.

Turudi kwenye maji, nikupe hesabu badala ya kukuambia "kiasi". Tuchukue tani moja ya jivu lenye chokaa kali asilimia 10, yaani kilo 100. Chokaa yenyewe itakula lita 32 za maji, hizo zitaingia ndani yake na hazitaonekana tena. Joto litakalotoka linatosha kugeuza lita nyingine 40 hadi 45 kuwa mvuke, utauona ukipanda. Baada ya hapo jivu linatakiwa libaki na unyevu wa asilimia 15 hadi 20, hizo ni lita 150 hadi 200. Jumla lita 230 hadi 275, yaani pipa moja la lita 200 na ndoo mbili mpaka nne. Jivu likiwa pole zaidi, punguza. Usimwage pipa zima kwa mkupuo. Tandaza jivu kwa unene wa sentimita 20 hivi, nyunyiza kwa keni ya bustani, geuza kwa sepetu, nyunyiza tena. Ukimwaga kwa mkupuo, maji yatachimba njia yake na kutokea upande wa pili, na nusu ya jivu itabaki kavu kama ilivyokuja.

Kipimo cha mwisho ni cha mkono. Ukiwa na glavu, chukua konzi, ukaze ngumi. Linatakiwa kushikana, ukifungua libaki na alama za vidole, lakini maji yasichuruzike. Likimwagika kama unga, ongeza. Likilia maji, umepitiliza, na hilo nalo ni kosa, kwa sababu ya hatua ya pili ambayo inahitaji hewa.

Hatua ya pili ni kukomaza. Chokaa iliyozimwa haitanuki tena, lakini bado ni kali: maji yanayoipitia huwa na pH (kipimo cha ukali wa maji; maji safi ni 7) ya 12 na zaidi, na ukali huo ndio unaoyeyusha metali za risasi na zinki zilizomo ndani ya jivu. Ikipata hewa ya kaboni kutoka angani, taratibu inarudi kuwa jiwe la chokaa kama ilivyokuwa kwenye karatasi kabla ya kuchomwa, na pH inashuka kuelekea 9 au 8. Hapo risasi na zinki hutulia. Ili jambo hilo litokee, kila chembe iwe na utando mwembamba wa maji wa kuyeyushia hewa ya kaboni, na kati ya chembe na chembe pawe na nafasi ya hewa kupita. Kavu kabisa, hakuna kinachotendeka. Likizama majini, hewa haifiki. Ndiyo maana nakazania ngumi.

Uvumilivu unahitajika hapa, na nitakuonyesha kwa nini. Mita moja ya ujazo ya hewa ina hewa ya kaboni isiyofika hata gramu moja. Kuigeuza ile chokaa kilo 100 yote kuwa jiwe kunahitaji karibu kilo 79 za kaboni hiyo. Piga hesabu: zaidi ya mita za ujazo 100,000 za hewa zipite ndani ya tani moja ya jivu. Lundo lililokaa tu halitaweza. Ngozi yake itakuwa jiwe, moyo wake utabaki vilevile. Niliwahi kuitwa kuangalia lundo moja lililokuwa "limelala" wiki sita. Kwa nje lilikuwa gumu, jeupe, zuri, limefanya gaga kama uji uliopoa. Tukalipasua kwa sururu. Futi mbili ndani lilikuwa kavu, na tulipomwagia maji kidogo lilitoa mvuke mbele ya macho yetu. Walikuwa wanamwagilia juu kila asubuhi kama bustani ya mchicha. Gaga lilizuia maji yasiingie na hewa isipite. Wiki sita zote ziliponya sentimita chache.

Kwa hiyo geuza, lakini usianze kugeuza mapema mno, na hapa ndipo wengi hukosea hata wakiwa na elimu. Alumini huliwa pale tu jivu linapokuwa kali. Ukiliharakisha kupoa, kwa kuligeuza kila siku kuanzia mwanzo, alumini inasimama nusu njia, inajivika ngozi mpya, inakaa kimya. Siku unapolichanganya na saruji, ambayo pH yake inapita 12, inaamka tena na maandazi yanarudi. Mpangilio ninaoupendelea: wiki mbili za mwanzo weka lundo lenye kimo cha mita moja hadi moja na nusu, liwe na unyevu, usiliguse zaidi ya kuongeza maji pale linapokauka. Ile gesi itoke wakati huo. Baada ya hapo litandaze, liwe na kimo cha chini ya nusu mita, uligeuze mara moja kwa wiki na kurudishia unyevu, kwa miezi miwili na nusu zaidi. Jumla miezi mitatu. Ujerumani, ambako wana uzoefu wa miaka mingi wa kutumia jivu la chini la taka kwenye matabaka ya barabara, miezi mitatu ya kulilaza ndiyo desturi, na jivu lao hutoka tayari limepita majini.

Jambo la usalama kwenye zile wiki mbili: lundo liwe chini ya paa, pembeni wazi. Usilifunike kwa turubai likabana, wala usilifungie stoo. Haidrojeni ikijaa pahali ikafika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha. Paa ni la kuzuia mvua, kwa sababu mvua ya masika itakuoshea lundo na kupeleka maji yake kwenye kisima cha jirani. Sakafu iwe ya zege na iwe na mfereji unaokusanya maji kwenye shimo. Maji hayo yatumie kunyunyizia jivu hilohilo.

Utajuaje limekomaa? Tafuta fenoftalini, ile dawa ya matone ambayo wanafunzi wa kemia hutumia. Huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara na chupa ndogo inakaa mwaka. Vunja bonge la jivu, dondoshea palepale lilipovunjika. Likigeuka waridi kali, bado ni kali. Lisipobadilika rangi, limeshapoa. Mara nyingi utaona pete: nje hakuna rangi, ndani waridi, kama yai lenye kiini. Pete hiyo inakuonyesha hewa imefika wapi, hivyo vunja mabonge, geuza, subiri. Kisha rudia puto.

Na kipimo cha mwisho kabla ya kutengeneza hata tofali moja, chemsha. Maabara za saruji zina kifaa kidogo cha Le Chatelier, mkebe wa shaba uliopasuliwa ubavuni wenye sindano mbili ndefu: hujazwa saruji, huchemshwa saa 3, na ncha za sindano zikiachana kwa zaidi ya milimita 10, saruji hiyo imekataliwa. Wewe fanya ya kienyeji. Saga jivu lililokomaa, changanya saruji sehemu tatu na jivu sehemu moja, tengeneza vichapati vitano vyenye upana wa kiganja juu ya vipande vya kioo, kingo ziwe nyembamba. Vifunike na gunia bichi siku nzima, kisha vichemshe saa 3 kwenye sufuria ambayo haitarudi jikoni kamwe. Kichapati kilichopasuka kingo au kupinda kama kikombe kinakuambia jivu bado lina kiu. Kuchemsha kunafupisha miezi kuwa saa, na ni afadhali upoteze mkaa kuliko mteja.

Gharama ya haya yote, mbali na nafasi na vibarua, ni kwamba jivu lililokomaa limepoteza sehemu ya nguvu zake. Ile kaolini ya kwenye karatasi, ikichomwa, hugeuka kitu kinachoshikana na chokaa na kufanya kazi kama saruji dhaifu. Ukililaza jivu lenye unyevu, sehemu ya ndoa hiyo inafungwa kwenye lundo badala ya kwenye tofali. Ndiyo maana utakuta mabonge magumu ya kusaga. Kwa hiyo lihesabu jivu lako kuwa mchanga, si saruji. Punguza mchanga, usiguse mfuko wa saruji. Mimi ningeanza na sehemu moja ya jivu kwa tisa za mchanga, nikavunja matofali ya siku 28 kwenye mashine, kisha nikapanda taratibu. Moja kwa tatu uliyoanza nayo ilikuwa haraka ya kuona cha bure. Zinki na risasi huchelewesha saruji kushika, kwa hiyo usishangae tofali likikaa ubaoni siku mbili badala ya moja. Likichelewa zaidi ya hapo, punguza jivu.

Sasa ule ugonjwa usiotibiwa na maji. Uliza kiwanda, na usikubali jibu la juujuu: jivu wanalokupa ni la chini ya boila, au ni la moshi, lile linalonaswa kwenye vichujio kabla ya bomba, au wanayachanganya? Kwa maelezo yako, laini na bado lina chembe za mchanga, nina wasiwasi wanachanganya. Plastiki ya aina ya PVC na mabaki ya chakula yana klorini, na klorini hiyo hukimbilia kwenye jivu la moshi, pamoja na risasi, kadimiamu (metali nyingine yenye sumu) na dioksini, sumu kali zinazotokana na uchomaji. Unyevu hauui dioksini. Kloridi, yaani klorini ile ikiwa chumvi, nayo haibadiliki: itayeyuka, itakaa kwenye maji, na ukiyarudisha maji hayo kwenye lundo umeirudisha ileile. Kiwango cha Ulaya cha jivu la makaa ya mawe linaloingia kwenye zege kinaruhusu kloridi isiyozidi asilimia 0.10. Jivu la moshi la taka linaweza kuzidi hapo mara nyingi mno. Nondo ndani ya zege lenye kloridi huoza, hata jivu liwe limelala mwaka.

Wapo waliojifunza hili kwa gharama kubwa. Byker, mtaa wa jiji la Newcastle kaskazini mwa Uingereza, palikuwa na mtambo uliochoma fueli ya taka kama hiyo ya jirani yako ili kupasha joto nyumba za watu. Kati ya 1994 na 1999, karibu tani 2,000 za jivu lake, la chini na la moshi likiwa limechanganywa, zilimwagwa kwenye njia za kupita na kwenye vishamba ambavyo wakazi hulima mboga na kufuga kuku. Lilionekana ni changarawe ya bure. Lilipopimwa, likakutwa na dioksini na metali nzito; watu wakaambiwa wasile mayai ya kuku wa pale, jivu likachimbuliwa, na shauri likaishia mahakamani. Hakuna aliyelitupa kwa nia mbaya. Walilipokea kama unavyolipokea wewe.

Lipo jivu la moshi linalogeuzwa kuwa kokoto nyepesi za matofali, nalo hutulizwa kwa unyevu na hewa ya kaboni, kama kule Brandon, mashariki mwa Uingereza, tangu 2012. Lakini wale hawategemei upepo. Wanatumia gesi ya kaboni yenyewe ndani ya mtambo uliofungwa, wana maabara, na kila mzigo una cheti chake. Ukiona jirani yako ana mhandisi anayesikiliza, mwambie moshi wa boila lake una kaboni mara 200 na zaidi ya hewa ya kawaida, na kwamba ukipitishwa kwenye jivu bichi lenye unyevu unaweza kufupisha miezi kuwa siku. Hiyo iwe kazi yake, kwenye mtambo wake. Usijaribu kuvuta bomba la moshi mpaka kwenye banda lako: moshi huohuo una gesi inayoua bila harufu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kataa jivu la moshi, hata wakikuongezea hela ya usafiri. Wakikuongezea, jiulize kwa nini. Chukua la chini peke yake, kwa maandishi. Peleka sampuli kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, uombe wapime kloridi, risasi, kadimiamu, kromiamu na zinki, katika jivu lenyewe na katika maji yaliyopita ndani yake. Kisha uwaone NEMC, baraza la taifa la mazingira, maana kusafirisha na kutumia taka za viwandani kunaweza kuhitaji kibali chao, na usingependa kulijua hilo siku wakaguzi wakiwa getini. Matokeo yakiwa mazuri, tengeneza matofali ya uzio na pevingi ya magari. Usiyaweke kwenye tangi la maji, karo, kisima, banda la kuku, wala kwenye zege lolote lenye nondo.

Fuso mbili ulizonazo: zitenge, zipe paa, fanya kipimo cha ndoo na cha puto leo. Usizilaze kabla hujajua ni jivu gani. Likiwa mchanganyiko wa la moshi, lirudishe lilikotoka, maana kulilaza miezi mitatu ni kuhifadhi tatizo la mwenzio kwa gharama yako.

Mteja wako, usimwahidi kupiga lipu mpya wiki hii. Chembe zilizobaki bado zinakunywa. Ukuta unyunyiziwe maji kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ili zinazotaka kuruka ziruke, vishimo vikwanguliwe mpaka doa jeupe liishe, ndipo uzibe na kupaka. Gharama ni yako, na ni nafuu kuliko kurudi mara tatu.

Na yale 400 uani, usiyauze bado. Yaliyoumuka yatenge, yavunje, hayo hayana tiba. Mazima yamwagilie asubuhi na jioni kwa wiki nne, yaani kama unavyoyamwagilia matofali mapya yakomae, lakini muda mrefu zaidi. Kisha chukua matano kutoka pembe tofauti za rundo, katakata kila moja vipande vya ukubwa wa ngumi, uvichemshe saa 3 kwenye ileile sufuria ya vichapati. Vipande vikitoka vizima, bila ufa na bila madoa yaliyofumuka, na vipimo vya Mkemia vikawa safi, yatumie kwenye uzio wako mwenyewe kwanza, upande unaouona kila siku ukifungua geti. Vikipasuka, niandikie tena, na uniambie joto la ndoo lilifika ngapi.